Usiniulize Saizi ya Pistoni Kabla Hujapima Bloku

Wasee, leo naanza na msamaha, halafu tuingie kazini.

Mwaka jana niliposti video fupi, haifiki hata dakika. Nimevaa ovaroli ya kuazima, nimeshika pistoni ya mtu, biti inagonga nyuma, na mimi naongea kama fundi wa miaka thelathini. Nikasema hivi: ukifungua injini ya nduthi, usicheze na saizi ndogo, weka pistoni kubwa kabisa, hapo ndipo nguvu iko. Hiyo video ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Komenti zilijaa moto. Watu wakanitumia picha za bloku zao wakiuliza, "Boss, hii nitie saizi gani?" Nami nikawajibu. Kwa picha! Bila kupima chochote, nikiwa nimelala kitandani.

Shida ni kwamba mtu wa kwanza kunifuata hakuwa mgeni wa mtandaoni. Alikuwa bro yangu mkubwa.

Bro ana nduthi ya Kichina ya 125, zile zenye injini ya aina ya CG. Kama hujui, hiyo injini asili yake ni Honda CG125 ya miaka ya sabini, ikaja ikanakiliwa sana China, na ndiyo maana spea zake unazipata karibu kila mahali. Nduthi yenyewe ilikuwa imechoka. Moshi wa bluu asubuhi, oili inaisha kabla wiki iishe, na ukipanda mlima na abiria unasikia imekata tamaa. Moshi wa bluu maana yake oili inaingia mahali petroli inaungulia. Inaweza kuwa ni sili za valvu, lakini hii ilikuwa imepoteza na nguvu pia, kwa hivyo ringi, pistoni na silinda zilikuwa washukiwa wa kwanza.

Hiyo nduthi si mchezo kwetu. Inalipa mkopo wake yenyewe kila siku, inanunua unga, na ndiyo ilikuwa inamalizia karo ya dada yetu aliyekuwa kidato cha tatu. Bro alipokubali kuifungua alikuwa anaamini mambo mawili: kwamba tutamaliza kwa siku moja, na kwamba mimi najua ninachosema. "Si wewe ulisoma injinia," akaniambia.

Nilisoma, ndiyo. Mwaka mmoja na nusu. Nitarudi hapo.

Basi tukatoa bloku, tukaipeleka kwa jamaa fulani mwenye mashini ya kubori. Akauliza, "Nikate ngapi?" Nikamjibu bila kufikiria, "Kata mia." Yaani 1.00. Hakupima, hatukumwambia apime, na alikuwa na foleni. Tukamwachia bloku peke yake, sisi tukashuka Kirinyaga Road kutafuta pistoni. Wazee bado wanaiita Grogan. Muuzaji naye akauliza saizi gani, nikasema mia. Bei ilikuwa ileile moja na ya 0.25. Nikaona tumepata ya bure, si ni kama kununua mandazi kubwa kwa bei ya ndogo?

Jioni injini ilifungwa. Ikawaka mara ya kwanza, nikarekodi. Hiyo video nayo ilipata laiki.

Siku ya pili, saa saba mchana, bro yuko Thika Road na mama aliyetoka soko la Githurai na gunia lake la mboga. Jua kali, mzigo mzito. Akasikia injini inavuta kama imeshikwa na mkono, sauti ikabadilika, halafu gurudumu la nyuma likafunga. Ilikuwa imenoki. Bahati yake ni kwamba amekuwa barabarani miaka mingi, akabana klachi haraka kabla nduthi haijalala kabisa. Mama alichubuka goti, mboga zikamwagika kando ya barabara. Nyuma yao kulikuwa na matatu. Sitaandika zaidi kuhusu hiyo matatu kwa sababu kila nikifikiria nashikwa na baridi.

Hapo ndipo nikaanza kujifunza maneno ya saizi ya pistoni. Nikiwa nimechelewa.

Kwanza elewa hizi namba. Silinda ya CG125 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 56.5. Pistoni ya saizi hiyo ndiyo inaitwa standadi, na juu yake utakuta imeandikwa STD au haina kitu. Silinda ikiliwa, unaikata kidogo iwe ya mviringo tena, halafu unaweka pistoni iliyo kubwa kidogo. Hizo kubwa zinakuja kwa ngazi: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Juu ya pistoni mara nyingi utaona 25, 50, 75 au 100. Hiyo 25 ni robo ya milimita kwenye kipenyo. Ukigawa pande mbili, ukuta mmoja unakatwa milimita 0.125 pekee.

Sasa tuangalie ile "nguvu" niliyokuwa nawauzia. Pistoni ya CG125 inatembea milimita 49.5 juu na chini. Piga hesabu ya silinda ya 56.5 unapata karibu sisi 124.1. Ukiweka 0.25 unapata 125.2. Ukiruka mpaka 1.00 unapata karibu 128.5. Kutoka standadi mpaka mwisho wa ngazi umeongeza sisi 4.4. Kijiko kidogo cha chai kinabeba 5. Yaani hata hakijajaa. Hakuna mlima umewahi kupandwa na kijiko cha chai.

Nguvu ambayo watu huisikia baada ya kufungua injini ni ya kweli, sibishi. Lakini inatoka kwa silinda kuwa mviringo tena na ringi kuziba vizuri, mgandamizo ukarudi. Ungeipata na 0.25 vilevile. Kama huamini, tafuta msee aliyefungua kwa 0.25 ikakatwa vizuri, mpande naye mlima.

Kwa hivyo kama saizi kubwa haileti nguvu, inafanya kazi gani? Inakula akiba yako. Hapa ndipo ningetaka kila mtu mwenye nduthi asimame kidogo. Chuma kwenye ukuta wa silinda ni kama pesa kwa M-Pesa ambayo hakuna mtu atakutumia tena. Ukianza na 0.25, bado una 0.50, una 0.75, una 1.00. Ni injini kufunguliwa mara tatu zaidi kabla bloku iishe. Sisi tulitoa yote siku moja. Iliponoki na kuta zikakwaruzwa, hakukuwa na mahali pa kwenda. Bloku ilikuwa ya kutupa.

Tuliipeleka Kariobangi Light kwa mzee mmoja ambaye tuliambiwa hakati kitu kabla ya kukipima. Amekaa kwa meza ya mbao, ana kitambaa safi na kisanduku cha maikromita ambacho hakuna mtu mwingine anagusa. Bro akamsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kuinua macho. Akaigeuza ile bloku, akaipitisha kidole, akauliza:

"Kabla mkate, ilikuwa imeliwa ngapi?"

Tukaangaliana.

"Sasa mlijuaje ni mia?"

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia tuliona bei ni moja. Hakucheka, na ningefurahia kama angecheka. Akasema, "Labda 25 ingetosha. Labda 50. Sasa hatutajua, mmeshaikata." Halafu akachukua pistoni yetu, akaisafisha, akanipa maikromita. "Soma."

Wasee, sikuweza kusoma.

Na hapa ndipo ule mwaka mmoja na nusu unaingia. Nimewahi kusema kwenye posti zangu kwamba chuo hakinifunzi kitu cha maana mtaani, ndiyo maana nikaacha. Inasikika vizuri na watu hupenda. Lakini maikromita walinifunza. Kulikuwa na somo zima la maabara la kupima, tuko watano kwa meza moja, mmoja anapima na wanne wananakili. Mimi nilikuwa kwa wale wanne. Niliandika ripoti yenye namba safi kabisa ambazo sikuzipima, nikapata alama. Kwa hivyo siwezi kumlaumu mwalimu. Niliacha chuo kwa sababu zangu, nyingine ni za pesa na sizionei haya, ila hii ya maikromita ni yangu mwenyewe.

Mzee alinionyesha polepole, kama mtu anafundisha mtoto saa. Pistoni haipimwi popote tu, kwa sababu si mviringo kamili na si nyoofu. Unapima karibu na chini ya sketi yake, upande ulio pembe mraba na pini. Silinda nayo inapimwa mahali patatu: juu, katikati, chini. Kila mahali unapima mara mbili, mbele kwenda nyuma, halafu kushoto kwenda kulia. Namba sita. Ukiona zinatofautiana sana, silinda imekuwa yai au imekuwa mdomo wa chupa. Mara nyingi imeliwa zaidi karibu na juu, pale ringi inafikia mwisho wa safari yake.

Akapima bloku yetu chini, mahali ambapo haikukwaruzwa, akatoa kipimo cha pistoni. Nafasi iliyobaki ilikuwa kama moja ya mia ya milimita. Unywele wa kichwa chako una unene wa kitu kama 0.05 mpaka 0.10, kwa hivyo hiyo nafasi hata unywele haupiti. Sasa fikiria: pistoni ni alumini, ukuta wa silinda ni chuma. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini haina maji ya kupooza, inategemea upepo, na wewe uko Thika Road saa saba na gunia. Pistoni ikatanuka, nafasi ikaisha, oili ikafutwa ukutani, chuma kikashika chuma.

Kwa hivyo makosa yetu yalikuwa mawili, na usiyachanganye. Kuchagua 1.00 bila sababu kulimaliza akiba. Kukata bloku kufuata namba badala ya pistoni yenyewe ndiko kulinokisha injini. Hata ungechagua 0.25, ukikata hivyo ingenoki vilevile.

Hili la pili wengi hawalijui. 1.00 ni jina la saizi. Pistoni mbili za 1.00 kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana kwa sehemu za mia za milimita, na hizo sehemu za mia ndizo injini inaishi nazo. Kwa hivyo pistoni inanunuliwa kwanza, inawekwa mezani, inapimwa, halafu bloku inakatwa kwa ajili ya hiyo pistoni, na nafasi ambayo kitabu cha hiyo injini kinataka inaachwa. Ukienda kwa fundi wa kubori na bloku peke yake akakubali kukata, hata kama ni rafiki yako, chukua bloku yako.

Tuje kwa swali lenyewe sasa: unachaguaje?

Tuchukue mfano. Standadi ni 56.50. Umepima sita, namba kubwa kabisa ni 56.60. Imeliwa 0.10. Kama hakuna mkwaruzo mrefu, 0.25 inasafisha na bado kuna chuma cha kuhoni. Mfano wa pili: namba kubwa ni 56.74. Ukikata ya 0.25 utafika 56.75 na kitu, karibu hakuna kitu umesafisha. Hapo unaenda 0.50.

Mfano wa tatu ndio humchanganya kila mtu, mimi nikiwemo. Namba kubwa ni 56.65, imeliwa 0.15. Unasema 0.25 ni kubwa kuliko 0.15, basi inatosha. Ngoja. Silinda huliwa zaidi upande ambao pistoni inasukumwa, na inawezekana hiyo 0.15 yote iko upande mmoja. Mashini inakata pande zote sawa, na 0.25 inatoa 0.125 tu kila upande. Ule upande ulioliwa 0.15 utabaki na shimo ambalo mashini haikuligusa. Ringi itapita hapo kila siku ikivujisha, na moshi wako wa bluu utarudi mwezi ujao. Hapo 0.50 ndiyo saizi, na huyo fundi anayekwambia hivyo hakuibii.

Sheria ni hiyo: chagua saizi ndogo kabisa itakayosafisha ukuta wote. Kama silinda imeliwa kidogo sana, iko ndani ya kipimo ambacho kitabu kinaruhusu na haina mikwaruzo, labda hauhitaji saizi kubwa yoyote. Labda ni ringi mpya za saizi ileile na kuhoni kidogo. Mtu ambaye amekwambia hivyo amekuokolea pesa, mnunulie chai.

Halafu kuna pistoni inayoingia lakini si yake. CG125 ni 56.5. Ile kubwa yake ya 150 ni 62. Hizo hutachanganya. Lakini kuna pistoni za injini nyingine ambazo kipenyo kinakaribiana, halafu unene wa pini ni tofauti, au urefu kutoka pini mpaka kichwa ni tofauti. Ikiwa ndefu, kichwa kinaweza kugonga valvu. Ikiwa fupi, mgandamizo unapotea na unaanza kulaumu kabureta. Beba ile ya zamani dukani, ziweke sambamba, pima na venia. Muuzaji akikunja uso, kuna duka lingine mlango wa pili.

Na ringi usitie tu kutoka kwa pakiti. Iingize moja peke yake ndani ya silinda, isukume na kichwa cha pistoni ikae sawa, halafu pima mwanya wa ncha zake kwa vile vibati vyembamba vya fila geji. Kwa injini ndogo kama hii, mara nyingi unatafuta kitu kati ya 0.15 na 0.35, lakini kitabu cha injini yako ndicho mkubwa. Bila mwanya wa kutosha, ringi ikipata joto ncha zinagongana na inavunjika ndani. Wakati wa kufunga, hiyo mianya isipangwe mstari mmoja, na alama ya pistoni iangalie inakotakiwa. Nyingi za CG zimeandikwa IN, upande huo unaenda kwa kabureta.

Najua mtaniambia nini, kwa sababu mmeshaniambia kwa komenti. La kwanza: "Mtu wa boda hana muda wa kupima mara sita." Namwelewa. Siku moja bila nduthi ni siku bila chakula na mkopo unaendelea kuhesabu. Lakini sisi tuliokoa labda saa mbili za kupima, tukakaa siku kumi na saba bila nduthi. Pesa ya bloku mpya ilitoka mahali ambapo karo ilikuwa. Dada yetu alirudishwa nyumbani wiki nzima. Alikuwa anakaa mezani na vitabu, hasemi kitu, na mimi napita nikienda kurekodi kontenti. Mathe naye hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ile video bado iko.

La pili: "0.25 haipatikani, madukani ni standadi na mia tu." Inatokea, kweli. Duka halijibani kuweka saizi ambazo hazitoki haraka. Lakini duka likikosa saizi yako, silinda haijabadilika. Zunguka. Agiza. Ngoja kesho. Ukikubali 1.00 kwa sababu ndiyo iko kwa rafu, umeruhusu rafu ya mtu mwingine iamue bloku yako itaishi mara ngapi.

La tatu, na hili linatoka kwa mafundi wengine: "Tumefanya miaka mingi kwa macho na kidole, na nduthi zinatembea." Nawaheshimu, na kidole cha fundi mzoefu kinasikia vitu vingi. Yule mzee pia alianza na kidole. Lakini hakuishia hapo. Kidole kitakwambia kuna ukingo. Hakitakwambia kama ni 0.12 au 0.15, na umeona vile hizo mbili zinakupeleka kwa pistoni tofauti. Zile nduthi ambazo hazikutembea hazirudi kwa fundi kumwambia. Zinaenda kwa fundi mwingine.

Lakini maneno yangu makali si ya mafundi. Ni yetu sisi tunaoshika simu. Mtu anayetazama video yako ya injini hatazami kama anavyotazama densi. Ana bloku chini ya kitanda imefungwa kwa gazeti, ana elfu tatu mfukoni, na kesho saa kumi na moja lazima awe kwa steji. Ukimwambia "weka kubwa" ukiwa haujui, umeweka mkono kwa hizo elfu tatu. Mimi sikumfahamu hata mmoja kati ya wale walionitumia picha. Sijui ni wangapi walikata mia. Bro wangu najua kwa sababu analala chumba cha pili.

Ile video niliitoa. Niliposti nyingine ya kurekebisha, nikipima silinda mara sita mbele ya kamera, polepole, bila biti. Watazamaji wake hawafiki hata robo ya ile ya kwanza. Sawa. Itabaki juu ya ukurasa wangu, na nikiulizwa saizi kwa picha nitajibu kitu kimoja tu: namba zako sita ni gani?

Nduthi ya bro sasa iko na bloku mpya na pistoni standadi. Nilidhani kwa sababu ni vitu vipya tutafunga tu. Mzee akakataa. Alipima vyote, akapima na ringi, ndipo akaturuhusu kufunga. Mia tano za kwanza bro alienda nayo taratibu, habebi mizigo mizito, hakazi mafuta mpaka mwisho, oili akaibadilisha mapema. Watu wa steji walimcheka wakimwita bwana harusi. Moshi hakuna. Akiba yote ya ngazi nne bado iko ndani ya ule ukuta, na Mungu akisaidia hatutaigusa kwa muda mrefu.

Maikromita nilinunua, ya mkono wa pili, nikampelekea mzee aikague kama inasema ukweli. Jumamosi huwa naenda kwake kupima vitu ambavyo hakuniambia nipime. Kama una bloku imefunguliwa sasa hivi na uko karibu na Kariobangi, usikate leo. Andika hapa chini ni injini gani, namba ya standadi ni ngapi, na umepata ngapi mara zote sita. Kama haujapima, andika hivyo pia, hakuna mtu atakucheka. Mimi nilikata bila kupima na nilikuwa na wafuasi.